Kabla ya makadamia, tuiulize pamba

Nimekuwa kimya wiki tatu, mnajua tena mambo ya mwisho wa muhula. Hapa Malimbe magetoni hakuna aliyekuwa analala, kila mtu na nondo zake. Sasa mitihani imeisha, usingizi umerudi, na leo nataka kuandika historia, tena historia ya kilimo. Najua wapo watakaoishia hapa hapa wakisema "jamaa kaanza tena". Vumilieni kidogo, maana habari yenyewe ina fedha za watu ndani yake, zikiwemo za ukoo wetu.

Siku hizi ukipanda daladala la Nyegezi au ukikaa kijiwe cha kahawa hukosi mtu wa kukusimulia habari za makadamia. Ni mti wa njugu zenye ganda gumu ajabu. Asili yake ni misitu ya mashariki mwa Australia, na jina lake lilitolewa mwaka 1857 na mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller kwa heshima ya mwenzake John Macadam. Waliougeuza kuwa biashara kubwa ni watu wa Hawaii. Kwa majirani zetu Kenya ulifika miaka ya 1940, mlowezi aitwaye Bob Harries alipoupanda karibu na Thika, na kuanzia miaka ya 1970 ukaenea kwa wakulima wadogo wa Murang'a, Embu, Kirinyaga na Meru mpaka Kenya ikaingia kwenye orodha ya wazalishaji wakubwa duniani. Kwetu Tanzania upo kwenye miinuko ya Kilimanjaro, Rungwe, na ng'ambo ya ziwa kule Kagera. (Mwenye mbwa nyumbani asimrushie hata njugu moja, kwa mbwa ni sumu.)

Baba yangu mdogo analima pamba wilayani Magu. Amesikia habari hizo, na anafikiria kuuza madume mawili ya kulimia anunue miche. Alinipigia simu: "Mwanangu, wewe si unasoma historia huko? Hebu niambie hiki kitu kina historia gani." Swali zuri kuliko yote niliyokutana nayo kwenye mtihani. Makadamia hana historia ndefu pande hizi za ziwa, lakini zao la biashara linayo, tena ya zaidi ya miaka 100, na jina lake ni pamba. Nikamwambia nitamwandikia. Nimeona niwaandikie na nyie.

Watu wengi wakizungumza zao jipya wanaanza na udongo na mvua. Ni sawa, udongo una maneno yake. Wasukuma wenyewe wana majina ya udongo tangu zamani: luseni wa mchanga mchanga kule juu karibu na mawe, itogolo mgumu unaoshika maji chini yake, na mbuga nyeusi bondeni. Mzee wa Magu hahitaji bwana shamba kumwambia mpunga unakaa wapi na pamba inakaa wapi. Na makadamia anapenda miinuko yenye ubaridi na mvua za kutosha, kwa hiyo mtu wa luseni ajiulize mara mbili. Ila mimi nilipopitia historia ya pamba, kila mahali ambapo mkulima wa ziwani aliumia au alineemeka nilikuta kitu kingine kabisa. Nilikuta mizani. Nani kaishika, nani kasimama pembeni yake, na nani anamiliki mashine iliyoko nyuma yake.

Tuanze mwanzo. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Muda si mrefu meli za Waingereza kama Winifred na Sybil zikawa zinakata maji, na Mwanza, ambayo ilikuwa chini ya Wajerumani, ikajikuta inafanya biashara na dunia kupitia mlango wa Mwingereza. Kabla ya hapo mzigo ulibebwa kichwani kwenda pwani, na nani angebeba karanga kichwani mpaka Bagamoyo? Baada ya meli ikalipa. Karanga, mpunga na ngozi vikaanza kutoka. Kwa hiyo zao la kwanza la biashara kwa Msukuma wa kawaida halikuletwa na kampeni ya serikali. Lililetwa na nauli iliyopungua. Hili wataalamu wetu wa uhamasishaji hulisahau sana.

Pamba waliitaka Wajerumani kwa ajili ya viwanda vyao vya nguo, maana hawakupenda kutegemea pamba ya Marekani. Kusini mwa nchi waliilimisha kwa nguvu kwenye mashamba ya pamoja chini ya maakida, na kila aliyesoma darasa la sita anajua kilichofuata: Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na vita ya Majimaji ikaanza. Huku ziwani pamba iliingia polepole, kwanza ikiwa ni zao moja kati ya mengine. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza ikapata njia ya pili ya kwenda baharini. Miaka ya 1930 ukaja utafiti wa pamba pale Ukiriguru, Misungwi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikatoka pale mbegu zilizostahimili magonjwa na wadudu. Mbegu hizo zinaitwa UK mpaka leo. Wenzangu wengine chuoni wanadhani UK ni Uingereza. Ni Ukiriguru hiyo, kilometa chache tu kutoka hapa tulipo!

Haya, sasa mizani.

Enzi za Mwingereza pamba ya mkulima ilinunuliwa vituoni na wafanyabiashara wa Kihindi, na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vyao pia. Serikali ilitoa leseni, ikapanga bei ya msimu, ikapanga na nani anunue wapi. Mkulima alifika na furushi lake kichwani, au kwa baiskeli, au kwa mkokoteni wa punda kama mambo yalimnyookea. Pamba ilitenganishwa: safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa na uchafu, bei yake ya chini. Halafu ikapimwa. Mkulima hakujua kusoma namba za mizani, au alijua lakini alisimama upande ambao hauonekani. Malalamiko yalikuwa yale yale kila kituo: mizani imechezewa, safi imeitwa fifi, hesabu imekatwa senti. Babu yangu, ambaye miaka hiyo alikuwa mtoto wa kubeba furushi nyuma ya mama yake, husema walikuwa wanapima nyumbani kwa mkono na kituoni kwa macho, na siku zote mkono na macho vilipingana.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wafanyabiashara hao ndio waliopeleka maduka vijijini, wakakopesha chumvi na kaniki wakati wa kiangazi, na wengi wao hawakuwa matajiri kama tunavyopenda kusimuliana. Mkulima naye hakuwa malaika. Mchanga ndani ya furushi na maji ya kuongeza uzito ni mambo ya zamani kama pamba yenyewe. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Mkulima akidanganya anaweza kukamatwa pale pale kituoni. Mnunuzi akidanganya, unamshtaki kwa nani? Hata bei iliyotangazwa na serikali haikuwa bei ya dunia. Wakati wa vita na baada yake sehemu ya fedha iliwekwa kwenye mfuko, eti kwa ajili ya kuwalinda wakulima bei ikianguka, na mwaka 1952 ikaundwa bodi ya kuuza pamba na mbegu zake iliyorithi utaratibu huo. Kwa hiyo mkulima alikatwa mara mbili: na vidole vya mpimaji, na kalamu ya Dar es Salaam.

Hapo ndipo anapoingia Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, akafanya kazi ya kutunza hesabu za mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akarudi Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wetu huu huu, sisi tunaogombania bumu kila muhula. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Usukuma kijiji kwa kijiji akisikiliza wakulima, na alichosikia ni mizani, mizani, mizani.

Ninachokipenda kwenye habari hii ni kwamba jibu la kwanza halikuwa kususa wala kuchoma kituo cha mtu. Lilikuwa dogo mno. Wakulima wakaweka mtu wao kituoni, anayejua namba, apime furushi upya kabla au baada ya mnunuzi kupima. Basi. Mtu mmoja na mizani yake. Mnunuzi akasema kilo hizi, mtu wetu akasema hapana bwana, ni kilo hizi. Na kumbe Msukuma alikuwa na utaratibu wa kumuunga mkono mtu huyo: vikundi vya kulima kwa zamu, elika, na vijana wenye kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Kwenye vitabu utasoma kwamba ushirika uliletwa na Waingereza, na ni kweli sheria ya ushirika ilikuwa yao. Lakini tabia ya watu kukusanyika, kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na kumtoza faini anayekwepa, hiyo haikutoka London.

Kutoka kwenye kupima wakaenda kwenye kununua. Vyama vya msingi vikaandikishwa, vyama vikaungana, Bomani mwenyewe akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 hadi 1954, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka 1956 muungano huo ukawa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, kule Kasamwa, Geita. Hapa ndugu zangu msipite haraka. Pamba inayotoka shambani ina mbegu ndani yake, na takriban theluthi moja tu ya uzito ndiyo nyuzi. Mwenye mashine ya kutenganisha nyuzi na mbegu ndiye anayefunga marobota na kujua kilo 100 za mkulima zimetoa nini hasa. Ukishika mizani ya kijijini peke yake umeshika nusu ya ukweli. Wakulima wa Mwanza walielewa hilo, wakaenda kwenye nusu ya pili. Kufikia mwaka 1959 pamba yote ya wakulima wa kanda hii ilikuwa inapitia kwenye ushirika, na muungano wao ukahesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Wenye baiskeli wakanunua, wenye mabati wakaezeka, waliotaka ng'ombe wakaongeza ng'ombe (hawa ndio walikuwa wengi, tusidanganyane).

Na siasa? Mwaka 1954 TANU ilipoanza kushika moto, serikali ya kikoloni iliipiga marufuku kwenye jimbo hili la ziwa, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1958. Kwa miaka yote hiyo mkutano halali wa Waafrika wengi mahali pamoja ulikuwa mkutano wa pamba. Nadhani mnaelewa kilichokuwa kinazungumzwa baada ya ajenda ya bei kwisha.

Wakati huo huo serikali ilikuwa na mpango wake mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947. Watu walihamasishwa wahamie Geita kwenye ardhi mpya, wakaambiwa walime matuta kwa namna fulani, wapande mihogo, wapunguze mifugo, wang'oe mashina ya pamba na kuyachoma baada ya mavuno. Baadhi ya ushauri ulikuwa mzuri. Kuchoma masalia ya pamba kunavunja mzunguko wa wadudu na ni sheria mpaka leo. Lakini uliletwa kwa faini na mahakama za watemi, na watu wakauchukia wote kwa pamoja, mzuri na mbaya. Matokeo ni haya: pale serikali ilipolazimisha, watu waligoma au walitimiza kwa shingo upande, pale bei na mizani viliponyooka, watu walipanua mashamba bila kuhimizwa na mtu. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya pamba ya Usukuma yaliongezeka mara kadhaa. Mvua haikubadilika mara kadhaa.

Ningependa kuishia hapa na kupiga makofi, lakini historia haina adabu hiyo. Ushirika ulipokuwa mkubwa ukapata wakubwa wake. Karani aliyewekwa ili amlinde mkulima dhidi ya mizani ya Mhindi naye akajifunza kuegemea mizani. Makato yakaongezeka, ajira za ndugu zikaongezeka. Uchaguzi wa mwaka 1965, Bomani akiwa Waziri wa Fedha, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha. Fikiria! Mtu aliyewapa ushirika. Sababu za uchaguzi huwa nyingi na sitaki kuibebesha pamba kila kitu, ila mimi nikiwa mkulima wa miaka ile ningekuwa na hasira na makato kabla sijawa na hasira na jambo lingine lolote. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, na mwaka 1968 muungano ule ukavunjwa, ikaja Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1973 ikaja Mamlaka ya Pamba. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Mkulima akabaki na kijiji upande mmoja na mamlaka upande mwingine, akiuza pamba yake kwa karatasi na kusubiri fedha. Wengi hawakusubiri. Waligeukia mpunga kwenye mbuga zao na ng'ombe wao wa siku zote. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, Nyanza ikafufuka 1984, lakini ilifufuka na madeni.

Miaka ya 1990 ndiyo tunayoikumbuka kupitia kwa wazazi wetu. Sheria ya pamba ya mwaka 1994 ikafungua milango kwa wanunuzi binafsi. Msimu wa kwanza ulikuwa sherehe: wanunuzi wanagombania furushi lako, fedha mkononi, hakuna karatasi. Halafu yakaonekana mengine. Kwa kuwa kila mnunuzi anataka mzigo kabla ya mwenzake, nani atajisumbua kutenga safi na fifi? Ubora ukashuka, na jina la pamba ya Tanzania nje likashuka nao. Dawa na mbegu ambazo zamani zilikopeshwa na ushirika zikakosa mwenye kuzikopesha, maana ukimkopesha mkulima dawa, msimu ukifika anamuuzia mwingine. Ikabidi liundwe daftari la mkulima na mfuko wa pembejeo. Baadaye kikaletwa kilimo cha mkataba, kisha mwaka 2018 serikali ikaamua pamba yote ipitie tena kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Mnaona mzunguko? Kutoka mnunuzi binafsi kwenda ushirika, kwenda mamlaka, kurudi ushirika, kurudi mnunuzi binafsi, kurudi ushirika. Na katikati ya vurugu zote hizo msimu wa 2005/06 nchi ilivuna tani zipatazo 376,000 za pamba mbegu, rekodi ya wakati wake. Mkulima akiamua kulima, analima.

Msimu wa 2019 uko karibu na moyo wangu, kwa hiyo niusemee. Bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikaanguka, mojawapo ya sababu ikiwa ni mvutano wa biashara kati ya Marekani na China, watu ambao hawajui hata Magu iko wapi. Wanunuzi wakasema kwa bei hiyo wanakula hasara. Serikali ikasema bei ni hiyo hiyo. Basi pamba ikachukuliwa na fedha zikachelewa. Nyumbani kwetu tuliuza mwezi wa saba, kwa mnunuzi ambaye sitamtaja, tukabaki na karatasi yenye muhuri. Mama akawa anaiweka ndani ya Biblia ili isikunjike. Fedha zilikuja mwishoni mwa mwaka kwa mafungu, dada yangu akiwa amesharudishwa nyumbani kwa ajili ya ada mara mbili. Mizani ya msimu ule ilikuwa sahihi kabisa, ya kidijitali, namba nyekundu zinawaka kila mtu anaona. Kilichokuwa hakionekani ni fedha. Ndiyo maana nikisema mizani sina maana ya chuma na jiwe tu. Nina maana ya mahali pale ambapo mali inatoka mkononi mwako kabla fedha haijaingia.

Sasa turudi kwenye makadamia, na tuisome kwa macho haya. Kenya mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka mingi wanunuzi kutoka China walikuwa wanakuja kununua njugu mbichi zenye ganda, na wenye viwanda vya kubangua wakalalamika kwamba wanakosa mzigo. Mwaka 2009 serikali ikazuia kuuza nje njugu zisizobanguliwa, na sheria ya mwaka 2013 ikalitia nguvu zuio hilo. Nia ilikuwa ajira za ndani, na nia hiyo siipingi. Lakini kiwanda cha Kasamwa kilikuwa cha wakulima wenyewe. Viwanda vya Kenya kwa sehemu kubwa si vya wenye miti. Bei ilipokuwa nzuri mkulima alipata zaidi ya shilingi 100 za Kenya kwa kilo, na hakuna aliyelalamika sana. Mwaka 2022 na 2023 soko la dunia lilipojaa, bei shambani ikaporomoka, wengine wakiambiwa shilingi 30 au 40, na hawakuwa na mlango mwingine wa kupeleka njugu zao. Novemba 2023 serikali ikalegeza zuio hilo kwa mwaka mmoja ili wanunuzi wa nje warudi. Madalali nao wakati wote walikuwa wanapita mashambani kununua njugu changa kabla hazijakomaa, kwa kuwa mwenye shida ya ada hawezi kusubiri njugu idondoke. Na njugu changa inaharibu jina la nchi nzima, kama fifi iliyochanganywa na safi.

Kwa hiyo mtu akija kijijini na picha za miti iliyojaa njugu kwenye simu yake, mimi ningemuacha amalize habari za udongo, halafu ningemuuliza. Nani atanunua, na kwa mkataba gani ulioandikwa? Mashine ya kubangua iko wapi, ya nani? Njugu mbichi ina maji mengi na inahitaji kukaushwa mapema isiote ukungu: nani atakausha, kwenye jengo gani? Anayeniuzia miche atakuwepo siku ya kuuza njugu, au biashara yake inaishia kwenye mche? Hilo la mwisho ndilo ningelirudia mara mbili. Mwaka 1950 mnunuzi wa pamba alifaidika mkulima akivuna. Muuza miche anafaidika mkulima akipanda tu.

Kuna na jambo la muda, ambalo pamba haikutufundisha vizuri. Pamba unapanda Novemba au Desemba, unavuna kuanzia katikati ya mwaka, unang'oa mashina, unachoma. Sheria ile iliyowakera wazee wetu ilikuwa na faida moja ambayo haikuandikwa popote: kila mwaka shamba linakuwa tupu, na mkulima anaamua upya. Alipodhulumiwa miaka ya 1970 alihamia kwenye mpunga bila kumuaga mtu. Makadamia anakaa miaka mitatu hadi mitano ndipo uone njugu za kwanza kama mche umebebeshwa vizuri, na zaidi ya hapo ndipo uone fedha ya maana, halafu mti unasimama miaka mingi kuliko aliyeupanda. Mwenye nusu eka anaweza kupanda kumi pembezoni mwa shamba na kuendelea na mahindi katikati. Mwenye kuuza madume ya kulimia ili ajaze eka nzima miti amefunga mlango wa mpunga, wa choroko na wa pamba yenyewe kwa miaka sita, akisubiri bei itakayopangwa na watu asiowajua. Mwaka 2023 bei ya pamba ilianzia shilingi 1,060, chini sana ya mwaka uliotangulia, na pamoja na hivyo aliyekasirika alikuwa na Novemba yake.

Haya wadau, nimeandika mpaka kidole kimekufa ganzi. Muhula ujao nina karatasi ya kuandika juu ya Mwatex, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa Mwanza ili pamba isiondoke na nyuzi zake. Kama kuna aliye na mzazi au babu aliyefanya kazi pale miaka ya 1970, namuomba sana anikutanishe naye, soda ni juu yangu. Sasa hivi natelemkia Mwaloni, nasikia dagaa wameshuka bei.